Msasi na Kulungu wa Televisheni

Jina lake silitaji, na ukoo wake waulizeni wanaopenda mambo hayo. Sisi mtaani, huku Al Amerat, tukimwita Msasi. Hata mkewe akimwita hivyo akikasirika. Kwao kusini mwa Unguja msasi ni mtu anayeingia porini na mbwa na mkuki kutafuta paa, na yeye aliifanya kazi hiyo ujanani mwake, kabla hajaja Omani. Huku alikuwa dereva wa serikali mpaka akastaafu. Mkuki hakuushika tena. Akabaki na rimoti.

Palikuwa na chaneli moja aliyoipenda kuliko zote na kuitukana kuliko zote. Ilionyesha Wazungu wakiwinda kulungu, wale wakubwa wa nchi za baridi, wenye pembe kama matawi ya mti mkavu. Baada ya sala ya alasiri nikivuka njia kwenda kwake, nikimkuta kesha kaa kwenye mto wake, dala, lile birika la kahawa, mbele, sahani ya tende ubavuni, na yule Mzungu kesha panda mti.

"Tazama viatu vyake," akiniambia, hata salamu sijaimaliza.

Nikitazama. Viatu visafi.

"Huyo kashuka garini sasa hivi. Nyuma ya huo mti pana njia ya lami, nnakwambia."

Basi Mzungu akianza kunong'ona, kwamba upepo uko hivi na kulungu atatokea vile.

"Anamnong'oneza nani?" Msasi akiuliza.

"Anatunong'oneza sisi."

"Na anayempiga picha yuko wapi? Si yuko juu ya mti huohuo? Na mwenye kushika kile kinasa sauti? Watu watatu juu ya mti mmoja, mmoja wao kajipaka manukato, na kulungu anakuja kuwatolea salamu. Yakhe, huyo kulungu kaalikwa."

Ukiwa mgeni ungesema mtu huyu anaichukia chaneli hii. Jaribu kuibadilisha. Siku moja nilitaka kusikiliza habari, nikainyooshea mkono rimoti, akanipiga kofi la mkono kama mtoto anayeiba halwa. Na kulungu akitokea kweli, yule yule aliyesema kaalikwa, Msasi akiinuka nusu kwenye mto, shingo mbele, pumzi kaishika. Nilimsikia mara nyingi akisema, "Ngoja... ngoja... bado..." Mkewe nyuma ya pazia akisema, "Mungu ampe subira hiyo na mimi nikichelewesha chakula."

Lililomuudhi hasa lilikuja baada ya bunduki kulia. Bunduki inalia, kulungu anaruka, halafu hapo hapo unamwona Mzungu kapiga magoti, kashika pembe, anacheka, uso kauosha.

"Wamekata!" Msasi akipiga goti lake kwa kiganja. "Umeona? Wamekata! Jua lilikuwa huku, sasa liko kule. Baina ya ule mlio na hicho kicheko pana siku nzima. Siku hiyo ndiyo usasi, na ndiyo waliyoitupa."

Mimi nikimtetea Mzungu, makusudi, ili nimsikie akipandisha sauti. Nikimwambia watu wana kazi zao, nani atakaa siku nzima kumtazama mtu anainama chini kutafuta damu kwenye majani? Akinijibu, "Mimi."

Lakini ngoja nikwambieni lililonifanya nimwelewe. Gereji yangu iko Wadi Kabir. Niliianza na sanduku la spana chini ya turubai, na leo pana mafundi wanaonifanyia kazi. Shule sikwenda mbele, na sijaona aibu yake. Siku moja akaja mtu kutoka Wattaya, kule kwenye maduka ya magari, kijana nadhifu, na gari kuukuu la baba yake. Akaniambia kaona kwenye televisheni gari kama lile likifunguliwa lote na kufungwa upya, likatoka linang'aa, na watu wakapiga makofi. Anataka na lake liwe vile, kwa Ijumaa. Nikamwambia, lipeleke huko huko kwenye televisheni. Kazi yetu ni ile nati iliyoshika kutu isiyotaka kutoka. Unaibembeleza, unaimwagia mafuta, unaitukana, unakwenda kusali, unarudi, bado. Hiyo hawaionyeshi. Wanaonyesha inatoka, au wanaonyesha ilikwisha toka. Na yule kijana akirudi nyumbani anadhani fundi ni mvivu.

Jioni ile nilikwenda kwa Msasi nikamwambia, "Kumbe una haki."

Akasema, "Haki ninayo tangu mwaka juzi. Kaa, wameanza."

Msidhani alikuwa mtu wa kujisifu. Hapo ndipo alipokuwa kinyume na wasasi wote niliowajua, maana msasi mwengine ukimwachia mdomo atakwambia kaua mnyama asiyekuwako Unguja. Nilimuuliza siku moja, wewe ulipata paa wangapi?

"Wachache."

"Wachache vipi? Umewinda miaka na miaka."

"Siku nyingi tukirudi na miba. Tunatoka alfajiri watu wazima wazima, na mbwa, na kelele, na jioni tumebeba miba na njaa. Akipatikana mmoja, tunagawana watu chungu nzima, na mwenye mbwa ana sehemu yake. Mtu anakwenda kwake na kipande cha kutia mchuzi tu."

"Basi hukuwa msasi, ulikuwa mtembezi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na mbwa wangu naye mtembezi."

Mbwa huyo alimwita Mwachie. Sasa sikilizeni. Msasi alikuwa mtu wa twahara kupita kiasi. Paka akipita karibu na msala wake wa kusalia, msala unafuliwa. Lakini Mwachie akitajwa, sauti yake ikishuka. Aliniambia mbwa huyo alikuwa na sikio moja lililochanika, na akikosea njia akirudi kwa bwana wake kichwa chini, kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Mkewe alisema mbele yangu, "Nililazwa hospitali siku nyingi, hakuwahi kunizungumzia kwa sauti hiyo."

"Wewe hukuwahi kukosea njia," Msasi akamjibu, na bibi akarudi jikoni. Mimi najua alikuwa anacheka.

Na alikuwa mwadilifu, hata kwa yule Mzungu. Palikuwa na jambo moja akilinyamazia kila mara. Baada ya kupiga, yule Mzungu anakaa juu ya mti mikono inamtetemeka, anashindwa kufungua hata kifuniko cha chupa ya maji. Nilidhani Msasi atamcheka. Alisema, "Hapo hapana uongo. Mimi nikishindwa kufunga kamba ya kiatu." Akaongeza, "Mtu asiyetetemeka usifuatane naye."

Huku kwetu kuwinda kumekatazwa, na hakuna aliyelipenda katazo hilo kuliko yeye. Nilikuwa nampakia garini siku nyingine, tunapita njia ya mlimani kwenda Wadi Kabir, akakae gerejini kuwapigia kelele mafundi pamoja na mimi. Asubuhi moja akaniambia simama. Nikasimama pembeni, magari yananipigia honi. Akaninyoshea kidole juu mlimani, mawe matupu. Sikuona kitu. Akasema, "Swala. Karibu na lile jiwe jeusi." Nikakodoa macho mpaka yakalia, nikaona sikio likitikisika. Akamtazama kwa muda, mikono juu ya magoti. Halafu akasema, "Twende zetu, tusimsumbue."

Sasa, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, ana afisi yake kubwa mjini, mke na watoto. Kijana mwema. Lakini katika usasi alilelewa na televisheni. Tangu mdogo alikaa ubavuni mwa baba yake akitazama chaneli ile, na baba alipokuwa akitazama viatu, yeye alikuwa akitazama pembe. Akajiunga na klabu ya kulenga shabaha, akawa stadi. Akaanza kununua nguo, yale makoti yenye picha ya majani, darubini, kofia. Mke wa kijana alisema chumba kimekuwa msitu. Mwisho akatangaza kwamba atakwenda Ulaya ya mashariki, kwenye msitu wa mtu mmoja anayewapokea wageni, akawinde kulungu kwa kibali halali cha huko.

Alikuja kumuaga baba yake, na mimi nipo.

"Baba, nikirudi nitakuletea pembe tuzitundike hapa juu ya mlango."

"Ukimjeruhi utafanya nini?"

"Sitomjeruhi, Baba. Bunduki ya skuizi ina darubini. Vile vya mbwa na mikuki vilikuwa vya kale."

"Nimekuuliza, ukimjeruhi."

"Pana mwenyeji wetu pale, yeye anajua."

Msasi akamwambia, na hii ilikuwa sheria ya wenziwe wote kule Unguja, "Uliyemjeruhi ni wako. Utamfuata mpaka umwone, au mpaka alama ziishe kabisa. Mwenyeji asikwambie, mvua isikwambie. Kumwacha ateseke peke yake kichakani wewe unakwenda kula, si usasi huo. Uhuni huo."

Kijana akambusu baba yake kichwani, akasema inshallah, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa.

Alipotoka, Msasi akazima televisheni katikati ya kipindi. Hilo sikuwahi kuliona. Akaniambia, "Fundi, wewe kazi yako vijana wako wanaifanya mbele ya macho yako. Mimi yangu sikupata pahala pa kumwonyesha. Nnaogopa nitakufa, na alilolijua kwangu ni kulalamika mbele ya televisheni."

Mimi si mtu wa kutoa maneno matamu. Nikammiminia kahawa.

Siku za mwanzo kijana akipiga simu ya picha. Amekaa ndani ya kibanda cha mbao juu ya miti tangu alfajiri, pua nyekundu. Kaona ndege. Siku ya pili kaona kindi. "Baba, hapana kitu! Kwenye televisheni wanatokea kabla hujakaa vizuri!"

Msasi akacheka kwa furaha, akapiga magoti yake yote mawili. "Sasa unawinda! Bibi we, njoo umwone mwanao, anawinda!"

Halafu ikaja ile simu ya mchana. Tulikuwa tumetoka kusali adhuhuri msikitini, chakula kimetengwa. Mikono ya Msasi mwaka ule ilikwisha kuwa dhaifu kwa maradhi, hata simu ikimponyoka, basi mkewe ndiye aliyemshikia simu mbele ya uso.

"Baba. Nimempiga. Kakimbia."

Rangi ya uso wa kijana haikuwa nzuri. Nyuma yake miti mirefu na majani makavu chini.

"Ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Alhamdulillahi. Kisu unacho?"

"Ninacho."

"Damu ipo?"

Kijana akaigeuza simu chini. Sisi tuliona majani na kitu cheusi kama tone la mafuta ya injini. Picha ikaganda, ikarudi.

"Nyeusi hiyo au nyekundu? Ina povu?"

"Sijui, Baba. Wewe unaonaje?"

Msasi akaisogelea simu mpaka ndevu zikaigusa. Mimi nilingoja atoe elimu yake. Akasema, "Na mimi sijui. Mnyama huyo simjui, na msitu huo siujui. Muulize mwenyeji wako."

Tukasikia sauti ya mtu mwengine, nzito, inasema maneno mafupi. Kijana akatufasiri. "Anasema jeraha dogo, tumwache. Anasema twende tukale, kesho atanipeleka upande mwengine, kuna mkubwa zaidi. Anasema wageni wote wanafanya hivyo."

Hapa nilimtazama Msasi. Alikuwa na haki ya kuamrisha. Baba ni baba. Mkewe naye alikuwa anamtazama, mkono unamchoka. Hakuamrisha. Aliutazama uso wa mwanawe kwenye simu mpaka kijana akasema, "Baba? Upo?"

"Nipo. Simu sikati."

"Baba, kuna baridi."

"Najua."

"Hujui, Baba. Baridi hii hujawahi kuiona."

"Kweli, siijui," Msasi akasema. "Lakini nipo."

Nilidhani intaneti imekatika. Halafu tukasikia majani yakivunjika chini ya viatu, hatua baada ya hatua, polepole, na pumzi za mtu anayeinama na kuinuka. Yule mwenyeji akipiga kelele kwa mbali. Kijana hakumjibu. Picha ilikuwa inatuonyesha kipande cha koti tu na anga. Mke wa Msasi akachoka, nikaichukua simu mimi. Mkono wangu ukachoka, nikaiegemeza kwenye dala ya kahawa. Chakula kikapoa. Hakuna aliyekigusa. Mara kijana akisema, "Hapa alilala. Majani yamelala." Mara akisema, "Sioni tena," na Msasi akimjibu, "Rudi pale ulipoona mwisho. Zunguka taratibu." Hilo tu alimwambia, na akilisema kila mara kwa sauti ile ile ya Mwachie. Kisha simu ya kijana ikaishiwa na chaji, na nyuso zetu wenyewe zikatutazama kwenye kioo cheusi, wazee watatu.

Kesho yake akapiga. Sauti imekauka. Alimfuata mpaka giza, akarudi alfajiri peke yake, maana mwenyeji kakataa, akamfuata mpaka mtoni. Alama ziliingia majini. Alivuka, akatafuta ng'ambo ya pili, juu na chini ya mto. Hakuona kitu. Ile siku ya kupelekwa kwa yule kulungu mkubwa ilimpita, na safari ikaisha.

Msasi akamuuliza, "Miguu yako mizima?"

"Imevimba."

"Njoo nyumbani."

Mara yangu ya mwisho kukaa na Msasi ilikuwa baada ya kijana kurudi. Marafiki zake wa afisini walikuja Al Amerat kumsikiliza, wamevaa kanzu za dishdasha zimepigwa pasi, wamejaza majlis, kile chumba cha wageni. Msasi aliwekwa penye mito, kafungiwa shali, kakonda, macho tu ndiyo yaliyobaki na nguvu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa umri pale, nimekaa kuliani kwake.

Rafiki mmoja, mcheshi, hakungoja kahawa. "Haya, bwana mkubwa, pembe ziko wapi? Tumekuja na nyundo na misumari!"

Wakacheka. Kijana akacheka nao kidogo. Akaanza kusimulia, kibanda, baridi, ndege, kindi. Alisimulia vizuri, na wakazidi kucheka. Akafika pale kulungu alipotokea, wakasogea mbele. Akasema alivyolenga. Akasema alivyopiga.

"Ukamwangusha," rafiki akamalizia.

Kijana alikuwa na mlango wazi kabisa wa kupita. Hakuna mtu wa Maskati aliyekuwako kule msituni. Sisi watatu tuliojua tungenyamaza. Msasi hakumtazama mwanawe. Alikuwa anatazama zulia.

"Nilimjeruhi," kijana akasema. "Nilipiga vibaya. Nikamfuata siku hiyo na siku ya pili mpaka mtoni. Sikumpata."

Wageni wakatafuta pa kuweka macho.

"Ah," rafiki akasema, "sasa hiyo ya nini kutusimulia? Ungesema umempata. Nani angejua?"

"Basi ndivyo ilivyokuwa," kijana akasema.

Akainuka kwenda kuichukua dala, maana yeye ndiye mwenye kazi ya kumimina, mdogo wa nyumba mbele ya wageni. Msasi akamzuia kwa kiganja. Akaivuta dala mwenyewe. Sote tukanyosha mikono kumsaidia, akatutazama, tukairudisha. Kwetu kahawa inaanzia kwa mkubwa, na mkubwa pale nilikuwa mimi. Nilikwisha kuutoa mkono wangu wa kulia. Akaimimina ile kahawa, nusu kwenye kikombe na nusu juu ya zulia la mkewe, mikono inatetemeka. Akakipitisha kikombe mbele ya kifua changu, mbele ya wageni wote, akampa mwanawe.

Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akiwa bado amesimama, na hakujua akae au anywe.

Mimi ni mtu wa kudai haki yangu, kila anayenijua anajua. Niliurudisha mkono wangu juu ya goti, nikangoja zamu yangu.